Mpaka Umo au Haumo? Mhadhara Kuhusu Namba na Ncha Zake



Ukipanda matatu Kisumu ukamwuliza kondakta gari linafika wapi, atakujibu, "Mpaka Busia." Utalipa nauli, utakaa. Lakini Busia ziko mbili, ya Kenya na ya Uganda, na abiria aliyekusudia ile ya pili atashushwa steji, aulize njia, avuke kwa miguu na mzigo wake kichwani. Kondakta hakumdanganya. Neno "mpaka" ndilo halikusema kama gari linaingia au linakomea mlangoni.

Katika Kiswahili neno hilo lina kazi mbili. Ni jina la mstari unaotenganisha Kenya na Uganda, na ni neno la kutaja ukomo: asubuhi mpaka jioni, moja mpaka kumi. Sisi wa Busia, Malaba na Tororo tunaishi ndani ya neno hili. Leo naomba tulitazame kwa jicho la mwandishi wa programu za kompyuta, kwa sababu kompyuta haiwezi kuulizwa njiani kama kondakta. Ukiiambia "moja mpaka kumi", lazima mtu awe ameamua mapema kama kumi imo au haimo. Na uamuzi wa mtu huyo mmoja, aliyekaa mbele ya kioo, unakwenda kuamua ada, kodi, risiti na foleni za watu asiowajua.

Namba zote za kutoka hapa hadi pale nitaziita fungu la namba, kama tunavyosema fungu la nyanya sokoni. Hoja yangu ni moja. Fungu la namba liandikwe kwa namna ambayo msomaji, hata asiyejua kompyuta, akilitazama anaona kila ncha ni ya nani. Lugha za kompyuta zimehangaika na jambo hili tangu zilipoanza, na Kiswahili kina maneno ya kulimaliza.

Gunia la kilo 89.4

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo kwa ajili ya ghala moja la nafaka. Ghala lilitoza ada ya kuhifadhi kwa uzito wa gunia. Mwenye ghala alinipa karatasi yenye mistari miwili: kilo 50 hadi 89, ada ya chini, kilo 90 hadi 120, ada ya juu. Nikaihamishia katika msimbo jinsi ilivyo:

kama uzito >= 50 na uzito <= 89 : ada ya chini
kama uzito >= 90 na uzito <= 120 : ada ya juu

Kwa miezi mingi kazi ilikwenda vizuri, kwa sababu karani alisoma mizani ya zamani kwa kilo nzima. Kisha ikanunuliwa mizani ya kidijitali, inayosoma sehemu ya kumi ya kilo. Siku ya pili yake alifika mama mmoja kutoka Tororo, mfanyabiashara wa mahindi, na magunia kumi na mawili. La kwanza likawekwa juu ya mizani: 89.4. Programu ikatafuta fungu lake. Katika mstari wa kwanza halikuwemo, maana 89.4 imepita 89. Katika mstari wa pili halikuwemo, maana haijafika 90. Programu ikanyamaza. Risiti haikutoka, na bila risiti wapagazi hawashushi mzigo.

Nikaitwa. Nilimkuta mama ameketi juu ya gunia lile moja, mengine kumi na moja yakiwa bado ndani ya lori, na dereva anatazama jua.

"Mwalimu," akaniambia, "mahindi yangu yamepimwa mbele ya macho yangu. Sasa mashine inasema hayana uzito?"

"Mama, nisamehe," nikamjibu. "Uzito yanao. Mimi ndiye sikuuandikia mahali pa kukaa."

Ilinichukua hadi usiku kulirekebisha kosa hilo. Dereva alidai malipo ya siku ya pili, na malipo yale yalitoka katika faida ya mahindi ya mama yule. Tangu siku hiyo sijaandika tena fungu la namba bila kukumbuka uso wake.

Litazameni kosa lenyewe kwa karibu. Kati ya 89 na 90 ilipotea karibu kilo nzima. Katika karatasi hakuna aliyeona pengo, kwa sababu jicho la binadamu huruka kutoka 89 kwenda 90 kama mtu anavyoruka mtaro. Kompyuta hairuki. Ukichimba mtaro, inatumbukia.

Ardhi isiyo ya mtu

Mtaro wa namna hiyo watu wa hapa tunaujua. Zamani kituo cha Kenya kilikuwa huku na cha Uganda kule, na katikati palikuwa na ukanda ambao abiria aliyekwisha kugongewa muhuri wa kutoka alikuwa bado hajagongewa wa kuingia. Alikuwa ametoka nchi moja bila kufika nyingine. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki: wakawabeba watu na mizigo kutoka kituo hadi kituo, wakiita kwa Kiingereza chao cha barabarani jina la mahali wanapokupeleka, mpakani, yaani "border". Ndipo lilipozaliwa neno boda boda, ambalo leo linatumika mbali sana na hapa. Usafiri mzima ulipata jina lake kutokana na pengo kati ya ncha mbili.

Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi hapa Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu wake ni mwepisi kuueleza. Anayetoka Kenya kwenda Uganda hasimami upande wa Kenya. Anasimama mara moja tu, upande wa Uganda, na maofisa wa nchi zote mbili wanamhudumia pale. Anayetoka Uganda kuja Kenya anasimama upande wa Kenya. Kwa kila mwelekeo, kituo ni kimoja, na kiko katika nchi unayoingia.

Nawaomba wanafunzi wa kompyuta mwutazame utaratibu huo, kwa sababu ni kanuni tuliyonayo katika namba. Ncha ya mwisho ya fungu la kwanza na ncha ya mwanzo ya fungu la pili ni mstari mmoja, na mstari huo una mwenyewe mmoja: fungu linaloanza. Kilo 50 na zaidi, lakini chini ya 90, ni ada ya chini. Kilo 90 na zaidi ni ada ya juu. Namba 90 imetajwa pande zote mbili, lakini inamilikiwa upande mmoja. Gunia la 89.4 lina mahali. La 89.999 lina mahali. La 90 kamili lina mahali pamoja tu.

Na mwenye ncha huchaguliwa na watu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, ikiitwa wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901, na Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mwisho wa reli ukawa katika nchi nyingine bila taruma hata moja kung'olewa. Kilichobadilika ni maandishi, na maandishi hayo ndiyo yaliyoamua mtu wa Kisumu alipe kodi wapi. Anayeandika ncha ana mamlaka juu ya walioko karibu nayo.

Njia nne

Tarehe 11 Agosti 1982 mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kwa mkono maelezo mafupi yaliyokuja kusomwa na vizazi vya waandishi wa programu. Aliuliza swali linalofanana na letu: namba 2, 3, 4 na kuendelea, ya mwisho ikiwa 12, tuziandikeje? Akaonyesha kuwa njia ni nne. Naziandika kwa maneno yetu:

kuanzia 2, chini ya 13
zaidi ya 1, mwisho 12
kuanzia 2, mwisho 12
zaidi ya 1, chini ya 13

Zote nne zinataja namba zilezile kumi na moja. Dijkstra alichagua ya kwanza. Ukitoa 2 katika 13 unapata 11, idadi kamili ya namba zilizomo, bila kuongeza wala kupunguza moja. Mafungu mawili yanayofuatana hushikana: linalofuata linaanza na ileile 13. Na fungu tupu, lisilo na kitu ndani, linaandikika bila kujipinda: kuanzia 2, chini ya 2. Alitaja pia uzoefu wa watu waliotumia lugha iitwayo Mesa katika maabara ya Xerox huko California. Lugha hiyo iliruhusu njia zote nne, na watumiaji wake walijifunza kwamba zile tatu nyingine ziliwaletea makosa mara kwa mara.

Hoja hizo nazikubali, na ndizo zilizotengeneza lugha nyingi tunazofundisha leo. Mwanafunzi wa Python akiandika range(1, 10) anapata 1 hadi 9. Namba 10 imo katika maandishi, haimo katika fungu. Kila mwaka nawaona wanafunzi wapya wakishtuka hapo, na sikubali kwamba mshtuko huo ni uzito wa akili. Wamesoma namba mbili zilizoandikwa sawa, zimetenganishwa kwa mkato, hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba moja ni mwenyeji na nyingine ni mgeni. Maana ni nzuri, maandishi yameificha.

Zaidi ya hapo, kuna mafungu ambayo njia ya Dijkstra haiyafai kwa macho ya watu. Mzazi wa Tororo anayesubiri matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi anajua kuwa divisheni ya kwanza ni alama 4 hadi 12, ya pili 13 hadi 23, ya tatu 24 hadi 29, ya nne 30 hadi 34. Ukimwandikia kwamba divisheni ya kwanza ni "kuanzia 4, chini ya 13", hujakosea hesabu, lakini umemtajia namba ya divisheni ya pili alipokuuliza habari za ya kwanza. Na hakuna hatari ya pengo hapa, kwa sababu hakuna mtoto anayepata alama 12 na nusu.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo ningependa muishike kuliko yote. Kuna vitu tunavyohesabu na vitu tunavyopima. Watoto, tiketi, malori, na kaunti 47 za Kenya, Busia ikiwa ya 40, tunavihesabu. Uzito, muda, umbali, na fedha iliyobadilishwa kutoka sarafu moja kwenda nyingine tunavipima. Kinachohesabiwa kinaweza kuandikwa kwa ncha zote mbili ndani. Kinachopimwa kikiandikwa hivyo kitaacha mtaro, na mtu atatumbukia. Karatasi ya ghala ilikuwa imeandika kinachopimwa kana kwamba kinahesabiwa, na mimi nikainakili.

Nukta mbili, nukta tatu

Kwa kuwa mahitaji ni mawili, lugha nyingi zimeweka alama mbili. Fortran ya 1957 iliandika mwanzo na mwisho kwa mkato. ALGOL 60 ilitumia maneno. Pascal ya Niklaus Wirth, mwaka 1970, ikatupa nukta mbili, 1..10, na kumi imo. Nukta mbili zikapendwa, zikaenea, na kila aliyezichukua akazipa maana yake.

Katika Ruby, 1..10 ina kumi ndani, na 1...10 haina. Yaani nukta ikiongezeka, namba inapungua. Katika Swift, 1...10 yenye nukta tatu ina kumi ndani. Alama ileile, lugha mbili, maana zinazopingana. Mtu anayefanya kazi na zote mbili asubuhi na jioni anatakiwa kukumbuka yuko nchi gani kila anapoiona nukta ya tatu, na nukta ni kitu kidogo ambacho hata vumbi la kioo linaweza kukiongeza.

Watunzi wenyewe waliliona tatizo. Swift ilipotangazwa Juni 2014, nukta mbili zilikuwa na maana ya mwisho kutokuwemo. Mwezi uliofuata, kabla lugha haijatoka rasmi, zikabadilishwa kuwa ..<, nukta mbili na alama ya "chini ya". Rust nayo ilianza na nukta tatu kwa mwisho uliomo katika baadhi ya sehemu, ikaja kuleta ..= mwaka 2018, nukta mbili na alama ya "sawa na". Kotlin ilikuwa na neno until kwa mwisho usiokuwemo, na mwaka 2023 ikaongeza ..< kama Swift. Lugha tatu, timu tatu, zimefika mahali pamoja: ziliacha kuhesabu nukta zikaanza kuandika maana. Alama ya "chini ya" aliyesoma hesabu za shule anaifahamu. Inaonyesha mwenye ncha.

Kuna pia lugha ambazo zilitumia neno, na neno likawa na utata wake. Katika lugha ya kuuliza hifadhidata, SQL, neno la "kati ya" huingiza ncha zote mbili. Karani akiomba malori yote yaliyovuka kati ya tarehe 1 Januari na tarehe 31 Januari, na kila lori limeandikwa kwa tarehe na saa, mashine huelewa tarehe 31 kuwa ni ule mwanzo kabisa wa siku hiyo, saa sita kamili ya usiku. Lori lililovuka tarehe 31 saa nne asubuhi halimo katika ripoti. Siku nzima ya malori imepotea, na ripoti imetoka safi, bila onyo. Dawa yake ni ileile: kuanzia tarehe 1 Januari, chini ya tarehe 1 Februari.

Wanasheria wameandikaje?

Kabla ya kompyuta kuja, waliokuwa na kazi ya kuandika mafungu ya namba kwa umma ni wanasheria, na pande zetu mbili zinatupa mifano miwili tofauti.

Jedwali la kodi ya mishahara la Uganda lililoanza 2012 linasema hivi: mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 235,000 hautozwi, unaozidi 235,000 lakini hauzidi 335,000 unatozwa asilimia 10 ya kile kilichozidi 235,000, unaozidi 335,000 lakini hauzidi 410,000 unatozwa 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 335,000. Ni njia ya pili kati ya zile nne: mwanzo haumo, mwisho umo. Hakuna pengo, hakuna mgongano, na senti zina mahali.

Sheria ya Kenya imepita njia nyingine. Haitaji ncha, inataja urefu: kwa mwezi, asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, na kadhalika. Ni kama kumwambia mtu apime kitambaa: kata mita mbili, halafu kata mita moja nyingine. Huwezi kuacha pengo, kwa sababu kila kipande kinaanzia mkasi ulipoishia. Lakini majedwali ya kufundishia na ya maofisini huigeuza sheria hiyo kuwa "24,001 hadi 32,333", na hapo mtaro unachimbwa upya kati ya 24,000 na 24,001.

Je, mtaro huo unaumiza? Hapa pana jambo linalohitaji utulivu. Turudi kwenye jedwali la Uganda, tumchukue mtu wa Tororo anayepata 335,000 kamili. Ukimweka fungu la chini, analipa asilimia 10 ya 100,000, yaani 10,000. Ukimweka fungu la juu, analipa 10,000 pamoja na asilimia 20 ya sifuri, yaani 10,000. Ni kilekile. Kodi ya namna hii hupanda kama mteremko wa Mlima Elgoni, na penye mteremko haidhuru sana nani ni mwenye ncha, mradi isikose mwenyewe kabisa.

Ada za kutuma pesa kwa simu ni tofauti: zinapanda kama ngazi. Katika M-Pesa, 101 hadi 500 ni fungu moja, 501 hadi 1,000 ni jingine, na ada inaruka ukivuka. Hapo ncha ina thamani ya fedha. Kadhalika mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000. Mzigo wa 2,000 umo. Wa 2,000 na senti 35, baada ya kubadilisha shilingi kuwa dola, haumo. Kanuni imesema "haizidi", na imesema vizuri. Mwandishi wa programu atakayeigeuza kuwa "0 hadi 2,000" na "2,001 na kuendelea" amemtengenezea mama wa mahindi ukanda mwingine usio na mwenyewe.

Samaki mpaka kichwa

Swali hili la ncha ni la kale kuliko mashine. Wanasarufi wa Kiarabu walibishana kwa karne nyingi juu ya neno hatta, ambalo ndilo mzazi wa "hata" yetu. Mfano wao maarufu ni wa mtu aliyekula samaki hatta kichwa chake. Irabu ya mwisho ya neno "kichwa" ikibadilika, maana inabadilika: kwa moja kichwa kimeliwa, kwa nyingine ulaji umekomea kichwani. Inasimuliwa kwamba al-Farra, mwanasarufi wa Kufa aliyefariki mwaka 822, alisema anakufa akiwa bado na dukuduku moyoni kuhusu neno hilo.

Wanafikihi nao walikuwa na swali lao. Katika udhu tumeamriwa, kwa neno jingine la Kiarabu lenye maana ya "hadi", kuosha mikono hadi viwikoni. Kiwiko kimo? Wengi wao wamesema kimo. Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, akasema hakimo. Na neno hilohilo la udhu limetumika kuhusu saumu, hadi usiku, ambapo wote wanajua usiku haumo. Neno moja, ncha moja imo, nyingine haimo, na kilichoamua ni ujuzi wa kitu chenyewe, kwa kuwa neno halikutosha.

Kiswahili kimerithi utata huo, lakini kimezaa pia njia zake za kuutatua. Mtu akiwa na ngege wa Ziwa Viktoria sahanini akasema, "Nimemla mpaka kichwa," mfupa wa kichwa hautauona. Akisema, "Nimemla mpaka kichwani," kichwa kipo, waweza kumpa paka. Silabi moja, -ni, imetenganisha kuingia na kukomea. Vivyo hivyo siku. Usiku unaotenganisha Ijumaa na Jumamosi ni wa nani? Wazee wetu hawakutuacha tugombane. Walitupa "usiku wa kuamkia Jumamosi", na mwenyewe akajulikana. Lugha yenye ustadi huo haina sababu ya kuazima nukta.

Maneno manne

Swali hili limekuwa la kazi kabisa, kwa sababu lugha za programu kwa Kiswahili zimeanza kutungwa. Nuru, iliyoanzishwa Tanzania, imekwisha kuonyesha kwamba "kama", "sivyo", "wakati" na "andika" zinaweza kuongoza mashine. Atakayetunga nyingine, au atakayeandika tu jedwali la ada ukutani, naomba apokee pendekezo langu la maneno manne.

Kwa mwanzo: kuanzia, au zaidi ya. Kwa mwisho: mwisho, au chini ya.

"Kuanzia 90" ina 90 ndani. Hakuna Mswahili anayeweza kuanzia mahali asipokanyaga. "Zaidi ya 90" haina. "Mwisho 12" ina 12, kwa sababu wa mwisho katika foleni ya uhamiaji ni mtu wa foleni ile, na mwisho wa kulipa ukiwa tarehe 30, anayelipa tarehe 30 hajachelewa. "Chini ya 18" haina 18: Katiba ya Kenya ya 2010 inamwita mtoto yule ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, na sisi sote tunamwita aliye chini ya miaka 18, wala hatugombani. Ukiyaunganisha, unapata njia zote nne za Dijkstra, kila moja ikijisema yenyewe:

kila alama kuanzia 4 mwisho 12
kila uzito kuanzia 50 chini ya 90
kila mshahara zaidi ya 235000 mwisho 335000

Mmeona sikuweka "mpaka", wala "hadi", wala "kati ya". Nayapenda maneno hayo na nimeyatumia tangu nilipoanza kuzungumza hapa, maana katika mazungumzo msikilizaji ana uso wa msemaji, ana mazingira, ana nafasi ya kuuliza. Katika maagizo kwa mashine, na katika jedwali linaloamua fedha ya mtu, hana. Tuyaache mdomoni, yaendelee kutuhudumia huko, na katika msimbo tuandike yale yasiyohitaji kuulizwa.

Nitaambiwa maneno ni marefu kuliko nukta. Ni kweli. Lakini msimbo huandikwa mara moja na husomwa mara nyingi, na wanaoulipia zaidi ni wale wasioweza kuusoma. Herufi chache za ziada ni bei ndogo.

Kabla sijaketi, niwarudishe ghalani. Baada ya kurekebisha programu nilimwomba mwenye ghala tubadilishe pia bango la ukutani, liseme sawasawa na msimbo: kuanzia kilo 50, chini ya 90, kuanzia kilo 90, mwisho 120. Mama yule wa Tororo aliporudi na mzigo mwingine alisimama mbele ya bango akalisoma taratibu. Kisha akaniuliza, "Na la kilo 90 kamili, mwalimu?" Nikafungua kinywa nimjibu. Akainua mkono kunizuia, akasoma tena, kidole chake kikipita juu ya mstari wa pili: "Kuanzia 90." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kwenye mizani.

Wanafunzi wangu, hicho ndicho kipimo ninachowaachia. Mkimaliza kuandika fungu la namba, mpelekeni mtu wa sokoni alisome, halafu mwulizeni ncha ni ya nani. Akiweza kujijibu bila ninyi, kazi yenu imekwisha.